Nusu Mbili

Barua ilikuja Jumanne, pamoja na bili ya maji
na karatasi ya punguzo la matairi.
Niliisoma nimesimama, koti mwilini.
Kisha nikaisoma nimekaa.
Jimbo la Wyoming, ninamoishi, ninamolipa kodi,
nisilolikosea hata kwa kuegesha gari vibaya,
limenisimamishia leseni
kwa ombi la jirani.

Jirani ni Nebraska.
Simama uani kwangu utupe macho mashariki:
huwezi kusema letu limekomea wapi, lao limeanzia wapi.
Viazisukari vile vile, kunguru wale wale,
na upepo haujaulizwa kitambulisho.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni.
Zangu ziliuvuka ukingo, zikanifuata mpaka mlangoni.

Miaka sita iliyopita nilikuwa nakimbilia hospitali ya Kearney.
Kaka yangu Lyle amelazwa, simu imesema njoo upesi.
Nikaenda upesi.
Maili tisini na tatu kwa saa, alisema askari,
kijana mwenye chunusi, akaandika taratibu
kama anayemwandikia mchumba.
Nikaikunja ile karatasi, nikaitia kwenye dashibodi
kati ya ramani na njiti za meno.
Lyle alifariki alfajiri.
Nani akumbuke karatasi?

Karatasi ilinikumbuka.
Deni haliozi, na kumbe linasafiri.
Majimbo haya yanayoshtakiana
kwa maji ya mto mmoja, kizazi hata kizazi,
yana mkataba wa kunong'onezana majina.
Nebraska haiwezi kuninyang'anya leseni ambayo haikunipa;
inanifungia barabara zake,
kisha inaandika: huyu wenu hakufika mahakamani.
Na Wyoming, mwenye kufuli, inafunga.
Ufunguo uko kwa jirani.

Ndivyo alivyonieleza karani wa Torrington,
akitafuna karoti ya chakula chake cha mchana:
“Sisi hatuna ugomvi nawe, Marva. Walipe wao,
wao watupe hati, nasi tukufungulie.
Ada yetu pia ipo.”
Nikampigia karani wa Kearney, Bi Hruska.
Akanisomea faini, gharama za mahakama, adhabu ya kuchelewa,
moja baada ya nyingine, kwa upole wa muuguzi.
Nikamwambia: nakuja leo, na pesa mkononi, tuyamalize.
Kimya.
Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo mara nyingi:
“Utakujaje?”

Nikatuma hundi. Siku kumi na tano, alisema,
ndipo kompyuta yao iamkiane na yetu.
Siku kumi na tano nakwenda kiwandani kwa miguu,
theluji ikinipima urefu wa buti,
na malori ya Nebraska yananipita, yamesheheni viazi,
yakinirushia matope ya nchi mbili kwa mpigo mmoja.

Brynn wangu ana miaka kumi na tano.
Ana leseni ya kujifunzia, picha yake inacheka.
Sheria inamruhusu kushika usukani
mradi kando yake akae mtu mzima mwenye leseni.
Mtu mzima yupo.
Yeye ana nusu, nami nina nusu;
tumejumlisha kila namna, haipatikani nzima.

Jumamosi tulikaa ndani ya gari, hapo hapo uani,
injini ikiunguruma kwa ajili ya joto tu.
Akafunga mkanda. Akarekebisha kioo.
Akawasha taa ya kugeukia kulia, upande wa mashariki,
ikawa inapepesa kwenye ukuta wa banda, tiki, tiki,
haimwonyeshi mtu.
“Twende wapi, mama?”
“Kearney.”
“Mbali?”
“Maili mia tatu.”
Akashika usukani kwa mikono miwili, kama nilivyomfunza.
“Kwa mwendo gani?”
Nikautazama mlango wa dashibodi, umefungwa.
“Sabini,” nikasema. “Hata kama wamepiga simu.”